Injini ya kutafutia ya kulipia, isiyo na matangazo: maswali ambayo watu wa Mwanza huuliza mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa wanafunzi wa Nyegezi na Bugando, walimu, wafanyabiashara wa mjini, na yeyote aliyesikia kwamba kuna watu wanalipa hela kila mwezi ili watafute vitu mtandaoni, akajiuliza kama wana akili timamu. Kazi yangu ni kutengeneza kompyuta, na maswali haya huulizwa hapa mezani mteja akiwa anasubiri mashine yake. Nimeyaweka jinsi yanavyokuja. Bei za kigeni nimezibadili kwa kadirio la shilingi 2,500 kwa dola moja ili hesabu iwe nyepesi; wewe angalia bei ya dola ya siku hiyo.

Fundi, ni kitu gani hicho? Na kwa nini nilipie wakati Google ni bure?

Ukiandika neno kwenye Google, kuna gharama ya kukujibu: kompyuta, umeme, wahandisi. Anayeilipa ni mtangazaji. Mwaka 2023 upande wa utafutaji peke yake uliiingizia Google takribani dola bilioni 175, karibu zote zikiwa hela za matangazo. Injini ya kulipia inageuza mpango huo: mtangazaji hayupo, unayelipa ni wewe. Inayotajwa zaidi siku hizi ni Kagi ya Marekani, iliyoanzishwa na Vladimir Prelovac na kufunguliwa kwa majaribio ya umma mwaka 2022.

Aliyewahi kununua dagaa pale Mwaloni Kirumba analijua jambo hili bila kufundishwa. Kuna dalali anayelipwa na mwenye mzigo, na kuna dalali uliyekuja naye wewe kwa hela yako. Wote wawili wanaweza kukuonyesha dagaa wazuri. Ila yule wa kwanza, akiwa na magunia mawili yanayofanana, unajua atakupeleka kwenye lipi.

Waanzilishi wa Google wenyewe, Sergey Brin na Larry Page, waliliona hilo mapema. Mwaka 1998, wakiwa bado Chuo Kikuu cha Stanford, waliandika kwamba injini inayoishi kwa matangazo kwa asili yake itawaegemea watangazaji na kuwapa kisogo watafutaji. Mwaka 2000 wakaanza kuuza matangazo. Siwalaumu, biashara ni biashara, lakini hakuna aliyeieleza kasoro hiyo vizuri kuliko wao.

Inauzwaje?

Kagi inakupa utafutaji 100 wa kujaribia bila kulipa. Baada ya hapo kuna kifurushi cha dola 5 kwa mwezi, yaani kama shilingi 12,500, chenye utafutaji 300. Cha dola 10, kama 25,000, hakina kikomo. Cha dola 25 kinaongeza mambo ya akili unde (AI), na kwa wasomaji wengi wa ukurasa huu hakina sababu. Ukilipa mwaka mzima unapunguziwa kidogo. Juu ya bei hizo weka kodi na makato ya benki yako.

Brave, wale wenye kivinjari cha alama ya simba, nao wana injini yao. Unaitumia bure ikiwa na matangazo, au unalipa kama dola 3 kwa mwezi yaondolewe.

Usinizungushe. Inafaa au haifai?

Kwa wengi wanaoniuliza, haifai. Kinachowasumbua ni matangazo, na matangazo yanaondoka bila kulipa. Jibu la swali linalofuata linaeleza namna.

Inamfaa mtu ambaye kutafuta ndiyo kazi yake, anatafuta kwa Kiingereza, na kila siku anapoteza muda akipepeta takataka: mwandishi wa programu, mfasiri, mwandishi wa habari, mtu wa manunuzi anayechunguza kampuni za nje, msafirishaji wa mabondo ya sangara anayetaka kumjua mnunuzi wa China kabla ya kumtumia mzigo. Na fundi kama mimi. Mimi nalipia kile cha dola 10, na sababu yake haihusiani sana na matangazo.

Kutwa nzima natafuta draiva za printa, yaani programu zinazoiwezesha kompyuta kuongea na printa, maana ya namba za hitilafu, michoro ya saketi (motherboard) za laptopu za zamani. Kwa maswali ya aina hiyo mtandao umejaa kurasa zilizotengenezwa kukamata watu: kitufe kikubwa cha kijani cha kupakua ambacho kikibonyezwa kinaleta programu nyingine kabisa, au makala ndefu inayozunguka bila kufika popote. Kwenye Kagi, kila tokeo lina sehemu ya kusema tovuti hii sitaki kuiona tena, au hii ishushe, au hii ipandishe, au hii iwe juu siku zote. Ukifanya hivyo kwa muda, matokeo yanaanza kufanana na akili yako. Hicho ndicho ninachokilipia. Ni kweli kuna programu nyongeza za bure za kuficha tovuti kwenye Google, ila zinaficha tu, hazipandishi unachokiamini, na kwenye simu zinasumbua.

Shida yangu ni matangazo tu. Ipo njia ya bure kweli?

Ipo, na ningependa uimalize hii kabla ya kugusa kadi yako.

Kwenye simu ya Android weka Firefox, kisha ndani yake weka programu nyongeza iitwayo uBlock Origin. Ni ya bure, wala haiombi mchango. Inaondoa matangazo kwenye matokeo ya Google na pia ndani ya kurasa utakazofungua. Chrome ya simu haikubali programu nyongeza, kwa hiyo usihangaike nayo. Kwenye kompyuta ni hivyohivyo, na huko napo Firefox ni salama zaidi kwa kazi hii, maana Chrome imeacha kuikubali uBlock Origin kamili na kubakiza ile nyepesi. Mwenye iPhone atumie kivinjari cha Brave, kinazuia matangazo chenyewe.

Kisha badilisha injini. DuckDuckGo, iliyoanzishwa mwaka 2008, inaonyesha matangazo kulingana na neno uliloandika bila kukufuatilia wewe ni nani, na jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba inakuruhusu kuyazima. Ingia kwenye mipangilio yake, sehemu ya mambo ya jumla, utakuta kitufe cha matangazo. Zima. Hulipi chochote. Ukitaka matokeo ya Google bila Google kukujua, kuna Startpage ya Uholanzi.

Na kama umeizoea Google yenyewe lakini umechoshwa na muhtasari wa akili unde na visanduku vinavyojaza kioo, tangu Mei 2024 ina kichujio kiitwacho Web, kwenye mstari ule wa Picha na Video. Ukikigusa unabaki na viungo vya kurasa, kama zamani.

Neno moja hapa. Magazeti yetu na blogu za watu wanaojitahidi wanaishi kwa matangazo hayo unayoyazuia. Mimi nina tovuti kadhaa nimeziruhusu kwenye uBlock Origin, hasa za habari. Kila mtu na dhamiri yake.

Nikilipia Kagi, matangazo yote yataisha kwenye simu yangu?

Hapana. Yataisha kwenye ukurasa wa matokeo tu. Ukifungua blogu iliyojaa matangazo utayakuta palepale. YouTube iko palepale. Yale yanayoruka yenyewe kwenye simu hata hujafungua intaneti mara nyingi yametokana na programu uliyoiweka, tochi sijui, au ya kusafisha simu, ifute. Nimeshamzuia zaidi ya mteja mmoja asilipie kitu ambacho kisingemtibu.

Mimi natafuta kwa Kiswahili. Nitapata majibu bora?

Hapa ndipo wanaosifia injini za kulipia hawasemi neno, kwa sababu wengi wao hawajawahi kutafuta kwa Kiswahili.

Injini yoyote inatafuta kwenye orodha kubwa ya kurasa ilizozisoma. Kagi ina orodha yake ndogo, ila sehemu kubwa ya matokeo inayatoa kwa injini nyingine na kuyapanga upya. Kwa hiyo kama ukurasa wa Kiswahili haupo kwenye orodha za wakubwa, huko kwenye kulipia hautaibuka. Hela haizalishi kurasa ambazo hazijaandikwa. Tafuta dalili za ugonjwa wa kuku kwa Kiswahili, au namna ya kukata rufaa ya mkopo, utakutana na kurasa zilezile: mijadala ya JamiiForums, blogu chache, na waraka wa wizara.

Mambo ya hapa mjini ni mabaya zaidi. Ukitaka kujua gereji ipo wapi Buzuruga au duka la vipuri Mtaa wa Rwagasore linafungwa saa ngapi, ramani za Google ndizo zenye taarifa, na hakuna aliyezifikia. Biashara nyingi za Mwanza hata hazina tovuti. Zipo Instagram na kwenye makundi ya WhatsApp, na ndani ya kundi la WhatsApp hakuna injini inayoingia. Ratiba ya meli ya Bukoba au kivuko cha Ukerewe utaipata haraka kwa kupiga simu.

Faida moja ya Kiswahili ipo, na ni ile ya kufungia tovuti. Matokeo ya NECTA yakitoka, ukiandika matokeo ya kidato cha nne unaletewa msururu wa blogu zinazokuzungusha kurasa tatu zenye matangazo kabla ya kukupa kiungo cha necta.go.tz. Kwenye Kagi unazifungia blogu hizo zote na kuibandika NECTA juu. Lakini ukiweza kukumbuka kuandika necta.go.tz mwenyewe, umeokoa dola 10.

Mama yangu alibonyeza tokeo la kwanza akaibiwa taarifa za kadi. Injini ya kulipia ingemzuia?

Ingepunguza hatari. Matapeli wananunua tangazo linalokaa juu ya tokeo halisi, wanatengeneza ukurasa unaofanana na wa benki, na mtu anajaza mwenyewe. Tatizo ni kubwa kiasi kwamba Desemba 2022 FBI, shirika la upelelezi la Marekani, ilitoa onyo kwa umma juu ya matangazo ya kwenye injini za kutafutia, na kati ya ushauri wake ulikuwemo kutumia kizuia matangazo. Unaona, hata wao walielekeza kwenye njia ya bure.

Kwa mama, mwekee uBlock Origin, kisha mfundishe kuangalia mwisho wa anwani. Ofisi za serikali ya Tanzania ni .go.tz, vyuo ni .ac.tz. Ukurasa wa mkopo wa wanafunzi unaoishia na .com na kuomba ada ya usajili kwa M-Pesa si Bodi ya Mikopo. Benki yake aifungue kwa programu ya simu, asiitafute.

Nitajuaje natafuta mara ngapi kwa mwezi? 300 zinatosha?

Kila mtu hudhani anatafuta kidogo kuliko anavyotafuta. 300 kwa mwezi ni 10 kwa siku, na swali moja gumu linaweza kula tano, maana unaandika, unarekebisha neno, unaandika tena. Kama una akaunti ya Google, ingia kwenye myactivity.google.com uangalie siku zako za kawaida. Utaona na aina ya maswali, na hapo mara nyingi uamuzi unajifanya wenyewe: utakuta nusu ya unachokiita kutafuta ni kuandika neno Facebook ili ufike Facebook. Hayo hayahitaji injini nzuri. Yaweke alama kwenye kivinjari.

Mtu wa chini ya 10 kwa siku hana haja ya kulipia kabisa, na mtu wa zaidi ya 10 kifurushi cha dola 5 kitamkatikia kabla mwezi haujaisha. Ndiyo maana kile cha dola 5 nakiona kama cha kuonjea tu.

Ni mwanafunzi wa udaktari Bugando. Lenzi zao za kitaaluma si zitanisaidia?

Lenzi ni vichujio vya Kagi vinavyobana matokeo yabaki kwenye aina fulani ya tovuti, na ipo moja ya mambo ya kitaaluma. Ni nzuri. Lakini PubMed ni ya bure na haina tangazo hata moja, inaendeshwa na Maktaba ya Taifa ya Tiba ya Marekani. Google Scholar nayo ni ya bure na haina matangazo. Anza na hizo mbili, pamoja na maktaba ya chuo chako ambayo huenda ina majarida ambayo injini yoyote ingekuonyesha muhtasari wake tu. Hela ya Kagi nunua bando.

Nina M-Pesa tu. Wanapokea?

Moja kwa moja, hapana. Kagi inataka kadi ya Visa au Mastercard, au PayPal. Una njia mbili: kadi ya benki yako ikiwa imefunguliwa kwa malipo ya mtandaoni, na benki nyingine hazifungui mpaka uende tawini au uombe kwenye programu yao, au kadi ya mtandaoni ambayo kampuni za simu hutoa, unaijaza kutoka kwenye pochi ya simu. Hiyo ya pili naipenda zaidi kwa sababu unaweka kiasi unachotaka kilipwe na si zaidi.

Angalia vitu viwili. Benki inabadili dola kwa bei yake, ambayo huwa juu ya ile unayoisikia redioni. Na kadi ikiwa haina salio siku ya makato, usajili unasimama. Hakuna deni linalobaki, ila usije ukashangaa.

Nafanya biashara ya dagaa Igombe. Mwezi ukiwa mkali hatuvui, hela hakuna. Malipo ya kila mwezi yatanibana?

Swali zuri kuliko yote niliyoulizwa kuhusu jambo hili, maana wanaopanga bei hizi wanadhani kila mtu ana mshahara tarehe 25. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka mitumbwi inakaa, na makato ya kadi hayajui hilo.

Usilipie mwaka. Lipia mwezi mmoja mmoja, na ukishalipa zima kujirudia hapohapo. Unaendelea kutumia hadi mwezi uishe, kisha inasimama mpaka utakapotaka. Kagi pia ina utaratibu kwamba ukipitisha mwezi mzima bila kuitumia hata mara moja, malipo ya mwezi huo yanarudishwa kama salio kwenye akaunti yako. Lakini mzee wangu, kwa bei ya dagaa Kirumba na simu za wanunuzi wa Kongo, unachokihitaji ni vocha na namba za watu. Taarifa hizo haziko kwenye injini yoyote.

Si watanijua zaidi kwa sababu nimejisajili kwa kadi?

Hoja hiyo ina uzito. DuckDuckGo unaitumia bila akaunti. Kagi lazima uingie kwa akaunti, na akaunti imefungwa na kadi yenye jina lako. Kampuni inasema haihifadhi unachokitafuta, na kwa kweli haina sababu ya kibiashara ya kukihifadhi kwa kuwa haiuzi matangazo. Februari 2025 waliongeza mfumo uitwao Privacy Pass: kivinjari chako kinaonyesha tiketi kwamba umelipa bila kuonyesha ni wewe nani. Ukiuwasha, baadhi ya mapendeleo yako, kama tovuti ulizozifungia, hayafanyi kazi, kwa sababu mashine haijui ni ya nani. Huwezi kupata vyote.

Kwa mtu wa kawaida hapa mjini ningehofia zaidi simu isiyo na nywila na kompyuta ya ofisi ambayo kila mtu anaingia.

ChatGPT inanijibu bure. Injini ya nini tena?

Kwa maswali ya kueleza jambo, au kuandika barua, sawa. Kwa kupata kitu kilichopo mahali fulani, kama fomu, sheria, draiva au bei ya leo, unahitaji ukurasa wenyewe uuone kwa macho yako. Akili unde husema kwa kujiamini hata inapokosea, na kwa Kiswahili na mambo ya Tanzania inakosea mara nyingi zaidi. Kagi nayo ina jibu la haraka la akili unde, ila inalitoa ukiliomba: unamalizia swali kwa alama ya kuuliza, inakupa muhtasari na viungo vya kurasa ilikosoma. Usipoweka alama, inakaa kimya. Napenda adabu hiyo.

Kampuni ikifa na hela yangu?

Inaweza. Kulikuwa na Neeva, iliyoanzishwa mwaka 2019 na Sridhar Ramaswamy, aliyekuwa mkuu wa matangazo Google, pamoja na Vivek Raghunathan. Walikuwa na fedha, walikuwa na wataalamu, waliuza injini isiyo na matangazo kwa karibu dola 5 kwa mwezi. Mei 2023 wakatangaza kufunga, Juni wakafunga, na kampuni ikanunuliwa na Snowflake, kampuni ya mambo ya data. Walieleza kwamba kujenga injini waliweza; kilichowashinda ni kumshawishi mtu wa kawaida abadilishe alichokizoea.

Kubadilisha ni kugumu kwa sababu kuna anayelipa ili usibadilishe. Kwenye kesi ya Serikali ya Marekani dhidi ya Google ilijulikana kwamba mwaka 2021 Google ililipa zaidi ya dola bilioni 26 kwa watengenezaji wa simu, wenye vivinjari na kampuni za mitandao ya simu ili iwe ndiyo injini unayoikuta tayari. Agosti 2024 Jaji Amit Mehta aliamua kwamba Google ilivunja sheria kulinda ukiritimba wake. Kagi, kwa upande wake, ina wateja wa makumi ya maelfu tu. Ni duka dogo. Hii ni sababu nyingine ya kulipia mwezi mmoja mmoja.

Tuko wanne geto moja. Tuchangie akaunti?

Akaunti moja kwa watu wanne ni kinyume na masharti, na pia mtaharibiana mapendeleo: mwenzako anafungia tovuti unayoihitaji. Kipo kifurushi cha familia cha dola 20 kwa watu hadi sita, kila mmoja na akaunti yake. Mkiwa wanne ni kama shilingi 12,500 kwa kichwa, bila kikomo. Tatizo la michango mnalijua wenyewe. Kuna cha watu wawili pia, dola 14.

Nimebadilisha, lakini simu inanirudisha Google kila mara.

Kile kisanduku cha Google kwenye kioo cha mbele cha Android hakifuati mipangilio ya kivinjari chako. Kiondoe, weka alama ya Firefox mahali pake. Ndani ya Firefox ya Android unaweza kuongeza injini yoyote na kuifanya ya kwanza. Kwenye iPhone, Safari haina Kagi kwenye orodha yake. Inabidi uweke programu yao nyongeza.

Nijaribu vipi zile 100 za bure nisijidanganye?

Usianze kwa kuandika jina lako au Simba na Yanga. Hayo kila injini inayaweza.

Kwanza kamilisha ile njia ya bure, Firefox na uBlock Origin na DuckDuckGo iliyozimwa matangazo, uishi nayo kwanza mpaka uizoee. Kila unapokwama, yaani umetafuta na hukupata au umepata kwa kuhangaika, andika swali hilo pembeni, kwenye daftari au ujumbe wa kujitumia mwenyewe. Ukishakuwa na orodha ya maswali yaliyokushinda, ndipo ufungue akaunti ya majaribio uyapeleke hayohayo. Ukilinganisha Kagi na Google iliyojaa matangazo, Kagi itashinda tu. Ilinganishe na hali yako bora ya bure.

Tumia zile za mwanzo kufungia tovuti zinazokuudhi na kupandisha unazoziamini, maana bila hivyo unaonja chakula hakijatiwa chumvi. Changanya maswali ya Kiingereza na Kiswahili ili uone tofauti yake. Na kama orodha yako ya maswali yaliyokushinda haijafika hata kumi, usifungue akaunti. Huna tatizo ambalo Kagi inalitatua.

Nikilipa na nikajuta?

Ingia kwenye mipangilio, sehemu ya malipo, sitisha. Huhitaji kumpigia mtu wala kueleza sababu. Kabla hujaondoka, nakili orodha ya tovuti ulizozifungia; ukiwa na uBlock Origin unaweza kuziweka humo zisifunguke, ingawa kwenye matokeo utaendelea kuyaona majina yake. Na kama kadi ni ile ya kwenye simu, ibakize bila salio.